Tiki Moja

Mwezi wa saba Uyole si mahali pa mtu kukaa macho saa nane za usiku. Baridi inashuka milimani, inaingia kwenye kontena tuliloligeuza ofisi, na jiko la mkaa tunaloliweka mlangoni linapasha magoti tu. Mgongo unajitegemea. Kazi yangu ni kufuatilia malori. Yakitoka yadini hapa Mbeya kwenda Tunduma, yakavuka Nakonde na kuingia Zambia kuelekea Copperbelt na Kongo, mimi nabaki na simu mbili, daftari na chaja. Dereva akiwa kwenye mtandao tunaongea. Akiingia kwenye yale mapori marefu ya kati ya mji na mji, ninachobaki nacho ni tiki moja ya kijivu pembeni ya meseji yangu.

Tiki moja maana yake imetoka kwangu. Haijafika kwake.

Ni katika kuisubiri tiki ya pili ndipo nilipokuwa mlevi wa riwaya za manowari za angani. Najua zinavyosikika. Mtu mzima, ana watoto wawili na mkopo wa saccos, anasoma habari za meli zinazopigana kati ya nyota! Mke wangu anaziita "vile vitabu vyako vya maroketi". Roketi ndiyo kitu cha mwisho kinachonivuta humo.

Kwa asiyezijua, mtindo wake ni huu. Kuna ofisa kijana wa jeshi la wanamaji, ila bahari yake ni anga. Anapewa chombo kidogo, kikuukuu, kimepungukiwa silaha kwa sababu ya ujanja wa wanasiasa huko makao makuu. Anapelekwa kituo cha mbali ambako hakuna anayetaka kwenda. Wafanyakazi wa chombo hawampendi, fundi mkuu ananung'unika, daktari ana siri yake. Halafu adui anatokea pale ambapo hakutarajiwa, na msaada uko mbali. Akipona anapanda cheo, na kitabu cha pili kinaanza. Wengine wamefika kitabu cha kumi na kuendelea, na kuna vya katikati ambavyo, kusema ukweli, ni mikutano mitupu. Hivyo navisoma kwa kurukaruka.

Kilichonishika mimi ni On Basilisk Station cha David Weber, kilichotoka mwaka 1993. Mchapishaji wake alikiweka bure mtandaoni, na hiyo ndiyo sababu pekee kikanifikia mtu wa Uyole mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Shujaa wake ni mwanamke, Honor Harrington. Amewaudhi wakubwa, basi wakamtupa Basilisk, kituo cha adhabu. Na kazi yake kule ni nini? Kukagua mizigo! Basilisk pana mlango wa angani, tundu ambalo meli za biashara zikiingia upande huu zinatokea mbali sana upande wa pili, kwa hiyo kila shehena inabanana hapo. Waliomtangulia walikuwa wanafumba macho. Yeye anafungua shehena, anasoma hati, anakuta magendo, matajiri wanapiga simu kwa wakubwa.

Nilicheka peke yangu ndani ya kontena. Hiyo ni Tunduma. Anayetaka kuielewa Basilisk aende akasimame nusu saa tu kwenye foleni ya malori pale mpakani, kati ya wabadilisha fedha na wauza mahindi ya kuchoma, amtazame mtu wa forodha aliyeamua leo kusoma kila karatasi.

Weber hakuficha alikokopa. Herufi za mwanzo za jina la shujaa wake, H.H., ni zilezile za Horatio Hornblower, ofisa wa majini ambaye Mwingereza C. S. Forester alianza kumwandika mwaka 1937, kwenye vita vya zama za Napoleon. Na ili meli zake za angani zipigane kama jahazi za mizinga, akabuni injini ambayo nguvu yake inafunika chombo juu na chini kama vifuniko viwili vya sufuria. Hapo hakuna namna: ukitaka kumpiga mwenzako kwa mizinga yako yote, geuza ubavu. Ni hila ya wazi kabisa, na mimi nimeikubali kwa moyo mweupe, kama mtu anavyokubali sungura aongee.

Lakini alichokopa cha thamani zaidi ni ucheleweshaji. Nelson, amirali wa Uingereza, alikufa katika vita ya majini ya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, na habari ikafika London usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba. Siku 16. Katika siku hizo mji mzima uliendelea kuishi ndani ya dunia ambayo haikuwepo tena. Nahodha wa zama zile akishaondoka bandarini hakuwa na wa kumuuliza. Aliamua mwenyewe, akipatia, wakubwa walisema waliagiza, akikosea, alijibu mahakamani. Telegrafu, redio na setilaiti zikaja zikaua hali hiyo duniani. Ndiyo maana waandishi wakaihamishia angani, ambako maili zimerudi kuwa nyingi kuliko waya.

Wala hawajabuni. Mwanga, ambao hakuna kinachoupita, unakimbia kilometa 300,000 hivi kwa sekunde, na bado unatumia dakika nane na ushee kutoka jua hadi kwenye paji la uso wako. Hadi Neptune ni zaidi ya saa nne. Kuna mfululizo mmoja ulioandikwa na mwanamaji mstaafu wa Marekani ambao umejengwa juu ya hesabu hiyo: kundi la manowari linaona adui, lakini linaloona ni adui wa saa tano zilizopita. Amri inatumwa kwa meli iliyo pembeni, na mkuu anakaa anakunywa kahawa akisubiri kuona kama imetiiwa. Sijawahi kusoma maelezo bora ya kazi yangu. Waandishi wanaompa nahodha simu ya kuongea papo kwa papo na makao makuu huwa nawaacha ukurasa wa hamsini. Nahodha wao ni karani tu mwenye kofia nzuri.

Mwenzangu wa usiku ni mlinzi wa yadi, mzee wa Kingoni, askari mstaafu aliyepigana Kagera. Mimi ni Mhehe wa Iringa, kwa hiyo ni mtani wangu, na heshima yetu ina vituko. Naanza na shikamoo, anajibu marahaba, kisha ananiuliza kama leo nimeshakula mbwa. Usiku mmoja aliniuliza nasoma nini cha kunifanya nitabasamu. Nikajaribu kumsimulia, na hapo ndipo Kiswahili kikaanza kunidai.

"Basi huyu mama ni kapteni wa meli," nikasema.

"Kapteni? Mbona mdogo? Wamempaje kapteni meli ya vita?"

Alikuwa na haki. Jeshini kwetu kapteni ni nyota tatu, chini ya meja. Kapteni wa majini kwa Waingereza na Wamarekani ni mtu wa ngazi ya kanali. Tena Harrington mwenyewe alikuwa kamanda, wakamwita kapteni kwa kuwa ndiye mwenye meli. Nilipofika hapo mzee akaniambia nisimchanganye.

"Nahodha," nikasema.

"Ehee. Sasa nimekuelewa."

Kuanzia siku hiyo nikawa natafuta maneno. Sisi wa nyanda za juu Kiswahili cha bahari kimetupita kando. Nilijua omo kwa sababu ya methali, nikajua tezi kwa sababu ya hiyohiyo. Kamusi ikanifungulia duka. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Ngama ni tumbo la chombo, yanakokusanyika maji machafu. Sitaha, serahangi, foromali. Rubani, ambaye leo tunamjua kwa ndege ya pale Songwe, kwanza alikuwa mtu wa kuongoza jahazi kwenye maji yenye miamba. Hata manowari yenyewe ni Kiingereza cha mabaharia kilichonyooshwa na ndimi za pwani. Na lile neno chombo! Ni sahani, ni jahazi, ni kitu kinachopaa kwenda mwezini, wala hakuna aliyelalamika. Nikamsimulia mzee vita nzima ya mwisho wa kitabu kwa maneno hayo: chombo kimetobolewa ubavuni, watu wa ngama wamefungiwa milango, nahodha ameshika usukani na sehemu tu ya watu wake wazima. Jiko likazima hatukuona.

Akauliza kama huku kwetu kuliwahi kuwa na vita ya manowari. Nikamwambia, mzee, tena huko kwenu Nyasa.

Habari hii huwa nairudia kwa kila anayekubali kukaa. Agosti 1914, ziwani Nyasa, Wajerumani wana meli moja yenye mzinga, Hermann von Wissmann, na Waingereza wana yao, Gwendolen. Manahodha wao, Berndt wa Ujerumani na Rhoades wa Uingereza, ni marafiki. Wakikutana wanakunywa pamoja. Wazungu wawili wapweke juu ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, wangefanya nini? Vita inatangazwa Ulaya. Taarifa inamfikia Rhoades, na amri juu yake. Berndt hajaambiwa na mtu. Meli yake imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo. Liuli wao waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake lililokaa kama mnyama aliyejilaza.

Rhoades anaingia ghubani, anapiga mzinga. Kutoka ufukweni kinakuja kimtumbwi, na ndani yake Berndt amefura kwa hasira, anamuuliza rafiki yake kama amelewa. Rhoades anamwarifu kuwa wako vitani, na kwamba kuanzia sasa yeye ni mateka. Magazeti ya Uingereza yaliandika kuwa ni ushindi wa majini.

Nilikwenda Matema mwaka juzi, upande wa kaskazini wa ziwa hilohilo, nikakaa mchangani asubuhi wakati milima ya Livingstone ingali na kivuli. Maji yametulia, mtumbwi mmoja mbali, mtu amesimama ndani yake anavuta nyavu. Nilimfikiria Berndt akipiga makasia. Kati yake na Gwendolen palikuwa na maji ya dakika chache tu, na katika dakika hizo urafiki ulikuwa bado mzima upande mmoja na umeshakufa upande wa pili. Mwandishi yeyote wa manowari za angani angeuza figo apate tukio kama hilo.

Na vita hiyohiyo iliishia huku huku, kwa kosa lilelile likiwa limegeuzwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi kutoka Msumbiji mwaka 1918, akapita Ungoni na Njombe, akazunguka juu ya ziwa na kuingia Zambia ya leo. Ulaya wakaweka silaha chini tarehe 11 Novemba. Yeye akaendelea kupigana, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Habari ilimkuta siku mbili tatu baadaye karibu na mto Chambeshi, na akasalimisha jeshi lake Mbala tarehe 25. Wa kwanza hakujua kuwa vita imeanza, wa mwisho hakujua kuwa imekwisha. Tiki moja, pande zote mbili. Katikati yao walikuwepo wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliobeba masanduku ya mabwana hao hadi wakaanguka njiani, na katika masimulizi ya kuchekesha kama haya yangu huwa hawatajwi. Nawataja.

Mzee alicheka sana kwa Berndt. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Hiyo sayari anayolinda yule mama. Ina wenyewe?"

Inao. Nikamweleza: viumbe warefu wa miguu mitatu, wana mikuki, wana makabila. Ufalme wa nahodha umeweka ofisi yake pale kuwaangalia. Adui anapenyeza dawa ya kulevya inayowapandisha hasira, na bunduki za kizamani, ili wafanye maasi yeye apate kisingizio cha kuingia. Wanaasi. Wanakuja kwa maelfu, wamelewa dawa, na askari wa nahodha wenye deraya na silaha za kisasa wanawafyeka uwandani. Kurasa chache tu, kisha kitabu kinarudi kwenye mbio za meli, ambazo ndizo tamu.

Mzee akachochea mkaa kwa kijiti. "Walipewa maji," akasema.

Nilisoma kurasa zile mara mbili, nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili, nikimwombea nahodha. Mimi! Mjukuu wa watu wa Mkwawa. Mwaka 1891 pale Lugalo, Mjerumani Zelewski naye alikuwa ofisa aliye mbali na wakubwa wake, akiamua mwenyewe, na wazee wangu walikuwa ndio wale wa kwenye majani wenye mikuki. Mzee wangu huyu kwao wanakumbuka kila mwaka tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga pale Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, katika vita ya Majimaji. Aliyetoa amri ile hakuhitaji kumsubiri mtu Berlin amruhusu. Upweke wa nahodha, huo ninaoupenda, ukiwa sitahani ni ujasiri. Ukiwa ufukweni ni mtu mmoja mwenye mizinga ambaye hakuna wa kumkataza.

Sikuviacha vitabu. Nadhani mzee alitarajia niviache, maana alinyamaza siku mbili. Lakini sasa kila chombo kinapokaribia sayari natazama kwanza kama kuna moshi wa jiko chini kule. Na kila usiku ananiuliza, "Enhe, leo wamemuua nani?" Namjibu kwa idadi, nikihesabu pande zote.

Mwaka huu nami nikaonja kuwa makao makuu. Tulikuwa na semi ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, magunia ya neti nyekundu hadi juu, inakwenda Kongo. Dereva ni mtu mzima, miaka ya barabarani inazidi umri wangu. Ananiita bosi kwa utani, namwita mzee kwa dhati. Jumanne usiku nikasikia kuwa kuna wezi wanaopanda magari yaliyosimama huko mbele. Nikaandika kwa herufi kubwa: USISIMAME POPOTE MPAKA MJINI. Tiki moja. Jumatano asubuhi, tiki moja. Kifaa cha kufuatilia gari nacho kimya, kimebaki kuonyesha kidoti palepale ilipokuwa jana. Nilijua ni doti ya jana. Niliikodolea macho hivyohivyo.

Yaliyotokea niliyapata baadaye kwa tingo wake. Mvua isiyo ya msimu iliwapiga usiku, turubai likavuja pembeni. Alfajiri dereva akanusa. Kitunguu kilicholowa na kufunikwa kinapata joto, kinatoa harufu tamu ya kuchacha ambayo ukishaijua huisahau. Ukikifungia hivyo siku mbili unapeleka uji. Hakuwa na mtandao wala wa kumuuliza. Akaingiza gari kijijini, akamsalimu mwenye mji, akamwomba uwanja. Wakafungua turubai, wakashusha magunia ya pembeni, wakayasimamisha kwa kuachana ili upepo upite, akakaa juu ya mzigo na rungu mapajani saa sita nzima. Magunia manne yaliharibika. Yaliyobaki yalifika.

Alhamisi mtandao ukamrudia, na kifaa kikatapika safari yote kwa mkupuo. Kwenye ramani mstari unakwenda, unakwenda, halafu fundo moja jekundu: gari limesimama saa 6 na dakika 10, mahali pasipo na jina. Bosi, bosi wa kweli, aliliona kabla yangu. Akaja kontenani akiwa bado na koti.

"Nani kamruhusu huyu kusimama huku?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa meseji?"

"Nilimpigia."

Akanitazama, akatazama ramani, akatoka. Mzee mlangoni alikuwa anaangalia mkaa kwa bidii isiyo ya kawaida. Nikafungua simu. Chini ya ile meseji yangu ya Jumanne, yenye herufi kubwa, tiki zilikuwa mbili na bluu, na jibu la dereva lilikuwa limeingia dakika hiyohiyo aliyopata mtandao: "Sawa bosi. Sisimami."